Oili Chafu na Maji ya Uwanda wa Makonde

Katika gereji za Masasi na Newala, kama katika gereji nyingi nchini, kazi ya kubadilisha oili ya injini huitwa "kumwaga oili". Jina hilo limebeba ukweli zaidi ya ule uliokusudiwa. Fundi hufungua nati iliyo chini ya injini, oili nyeusi ikamiminika katika karai, oili mpya ikatiwa mahali pake, na gari likaondoka. Kinachobaki ni ile oili ya karai. Nyingine huuzwa kwa wapakao nguzo ili mchwa wasizile, nyingine hutumiwa kuwashia moto, na nyingine humwagwa kweli kweli: nyuma ya gereji, mtaroni, au barabarani ili kutuliza vumbi.

Makala haya yanaeleza oili hiyo ni kitu gani hasa, kwa nini katika sehemu hii ya Mkoa wa Mtwara kuimwaga au kuichoma ovyo kuna hatari ya namna ya pekee, na kanuni za kuihifadhi, kuipima na kuichoma zimejengwa juu ya misingi gani ya sayansi. Kanuni zikikaririwa bila sababu zake husahaulika upesi. Zikieleweka, hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuzitunga mwenyewe.

OILI HUCHAFUKAJE?

Oili ya injini hutengenezwa kutokana na sehemu nzito ya mafuta ghafi. Molekuli zake nyingi ni haidrokaboni zenye atomi za kaboni kati ya 20 na 50 hivi. Kiwandani huongezwa kemikali za kuisaidia kufanya kazi: misombo ya zinki, fosforasi na salfa kwa ajili ya kulinda vyuma vinavyosuguana, na misombo ya kalisi kwa ajili ya kuua asidi na kuondoa uchafu. Kwa hiyo hata oili mpya ya dukani si haidrokaboni tupu.

Inapofanya kazi, oili hupatwa na mambo manne. Kwanza, joto na oksijeni hushambulia baadhi ya molekuli zake na kuzaa asidi na utandoutando. Pili, masizi na mabaki ya mwako hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia katika oili. Miongoni mwa mabaki hayo zimo haidrokaboni zenye pete nyingi, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Tatu, vyuma vya injini hulika kidogo kidogo na kuacha chembe za chuma, shaba, kromi na risasi. Nne, maji yatokanayo na mwako, pamoja na petroli au dizeli isiyoungua, huchanganyika nayo.

Zamani sehemu kubwa ya risasi iliyomo katika oili chafu ilitoka katika petroli yenyewe. Petroli yenye risasi ilikomeshwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na duniani kote mwaka 2021. Hata hivyo metali nyingine zimebaki, na zinki iliyowekwa kwa makusudi haikupungua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba oili haiishi, huchafuka tu. Haidrokaboni zake nyingi hubaki nzima. Ndiyo sababu oili chafu yaweza kusafishwa kiwandani na kuwa oili tena, na ndiyo sababu inawaka vizuri. Kilo moja ya oili chafu hutoa nishati ya megajuli 40 hivi, ilhali kilo moja ya mkaa hutoa megajuli 30 hivi. Kitu chenye thamani kama hiyo hakikosi wateja, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Hatari ya kwanza ni ya ngozi. Majaribio yaliyofanywa kwa panya waliopakwa oili iliyotumika katika injini za petroli yalionyesha kwamba huota uvimbe wa saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililopo Lyon, Ufaransa, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Fundi anayenawa mikono kwa petroli baada ya kazi, na mpaka nguzo anayechovya kitambaa kwa mkono mtupu, wote wanahusika na matokeo hayo.

UWANDA USIO NA MITO

Hatari ya pili ni ya maji, na hapa jiografia ya Masasi na Newala ina mengi ya kusema.

Newala imejengwa karibu na ukingo wa magharibi wa uwanda wa Makonde, mahali palipoinuka zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo ardhi hushuka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Uwanda wenyewe umefanywa kwa tabaka nene za mchanga na mawe ya mchanga. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hufikia karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Si mvua haba. Lakini juu ya uwanda hakuna mto unaotiririka, kwa kuwa maji huzama mchangani na kushuka chini sana, kisha hutokeza katika chemchemi zilizo chini ya miteremko.

Taabu iletwayo na hali hiyo ni ya zamani. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika juu ya watu wa huko wanaoteremka hadi chini ya uwanda kuteka maji na kupanda nayo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa maji wa Makonde, ambao ulisukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni hadi juu. Katika miaka ya 1970 na 1980 Finland ilisaidia kazi kubwa ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Visima vya Mitema vimekuwa tegemeo la uwanda kwa muda mrefu. Pamoja na hayo, nyumba nyingi bado huvuna maji ya mvua kutoka mabatini na kuyaweka katika visima vya saruji vilivyochimbwa uani.

Masasi haiko juu ya uwanda. Iko magharibi yake, katika nchi tambarare yenye vilima vya mawe magumu vinavyosimama peke yake. Huko miamba ni ya kale na haipitishi maji ila katika nyufa na katika tabaka la juu lililooza. Kisima cha kienyeji cha Masasi kwa hiyo huwa kifupi, na uchafu uliomwagwa karibu nacho hauna safari ndefu ya kukifikia. Aidha, maji ya uwanda hayaishii uwandani. Chemchemi za upande wa Ndanda, chini ya ukingo, hulishwa na mvua iliyozama juu. Anayemwaga juu na anayekunywa chini huenda wasijuane kabisa, lakini mchanga umewaunganisha.

NJIA MBILI ZA KURUDI MTUNGINI

Oili iliyotoka katika injini ina njia mbili za kuufikia mtungi wa maji.

Njia ya kwanza ni ya ardhini. Lazima isemwe kwa haki kwamba oili ina mnato mwingi na haizami upesi kama maji. Mchanga huishika, kila chembe ikavikwa utando mwembamba. Karai moja lililomwagwa mara moja Newala halifiki kwenye maji yaliyo mbali chini. Lakini gereji haimwagi mara moja. Humwaga mahali palepale mwaka hadi mwaka, na mchanga uliokwisha kushiba huipisha oili mpya ipite. Tena, oili iliyochanganywa na petroli ya kuoshea vyuma huwa nyepesi, na baadhi ya sehemu za petroli huyeyuka katika maji na kusafiri nayo. Mwisho, si oili yote huzama: mvua kubwa za Januari na Februari huikokota hadi katika makorongo, na makorongo huelekea mabondeni kwenye chemchemi. Kina kirefu cha maji ni muhula tu, si kinga.

Kiasi kidogo chaweza kuharibu maji mengi. Utando wa oili unaoonyesha rangi za upinde wa mvua juu ya maji waweza kuwa na unene wa elfu moja ya milimita. Lita moja ni sawa na mita za ujazo 0.001. Ikitandazwa kwa unene huo hufunika mita za mraba 1,000, yaani eneo la bwawa lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 25.

Njia ya pili ni ya angani, na mara nyingi haifikiriwi. Oili inapochomwa, kaboni yake huwa dioksidi ya kaboni na haidrojeni yake huwa maji. Metali haiteketei. Risasi, zinki, kadmi na kromi zilizokuwamo katika oili huruka pamoja na moshi zikiwa chembe ndogo mno, au hubaki katika majivu. Chembe hizo hutua juu ya chochote kilicho karibu, pamoja na mabati. Kwa kuwa kiangazi cha huku hudumu nusu mwaka, hujikusanya pole pole. Kisha mvua ya kwanza ya msimu huzisomba zote kwa pamoja na kuzitia katika kisima cha uani. Mahali penye maji ya bomba ya kutosha, moshi ni adha ya pua na mapafu. Mahali ambapo paa ndilo chanzo cha maji, moshi ni adha ya mtungi pia.

Kanuni zote zinazofuata zina shabaha ya kuziba njia hizi mbili.

KUHIFADHI

Kanuni ya kwanza ya kuhifadhi ni chombo kizima chenye mfuniko. Sababu yake ni somo zuri la fizikia. Lita moja ya oili chafu ina uzito wa kilo 0.88 hivi, na lita moja ya maji ni kilo 1. Pipa la oili likiachwa wazi mvuani, maji huzama chini na kuinua oili juu. Pipa likijaa, kinachofurika si maji bali ni oili. Hivyo pipa lisilo na mfuniko hujimwaga lenyewe, hata kama halina tundu.

Kanuni ya pili ni sakafu ya saruji yenye kuta fupi pande zote, ili pipa likivuja oili isitoke. Kanuni za nchi nyingi hutaka boma hilo liweze kushika asilimia 110 ya ujazo wa chombo kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Kwa pipa moja la lita 200 zahitajika lita 220. Sakafu yenye mita 1.6 kila upande na ukuta wa sentimita 10 hushika lita 256. Ukiondoa nafasi inayokaliwa na pipa, bado inatosha. Paa la mabati au la makuti juu yake huzuia boma kujaa maji.

Kanuni ya tatu ni kutochanganya. Fundi mwingi huosha vyuma kwa petroli na kumimina uchafu wake katika pipa lilelile la oili. Oili mpya ya injini haidaki moto mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 200 za Sentigredi. Petroli hutoa mvuke unaodaka moto hata katika baridi kali iliyo chini ya sifuri. Petroli kidogo ikitiwa katika pipa hulifanya pipa zima kuwa hatari kwa cheche moja ya mashine ya kuchomelea. Vivyo hivyo mafuta ya breki, maji ya rejeta, rangi na viyeyusho vyake, na mabaki ya dawa za mikorosho havina nafasi humo. Dumu lililokuwa na dawa ya mikorosho lisipewe oili kamwe.

Kanuni ya nne ni maandishi. Pipa liandikwe "OILI CHAFU" kwa herufi kubwa. Mchanga mkavu au maranda ya mbao yawekwe karibu kwa kunyonyea itakayomwagika, na pipa liwe mbali na kisima chochote.

KUPIMA

Kwa macho, oili chafu yote ni nyeusi. Rangi haisemi kilichomo. Umuhimu wa kupima hueleweka vizuri kwa kisa kilichotokea Times Beach, mji mdogo wa jimbo la Missouri nchini Marekani.

Mapema katika miaka ya 1970 barabara za vumbi za mji huo zilinyunyiziwa oili chafu ili kutuliza vumbi, kama inavyofanywa mahali pengi ulimwenguni. Mkandarasi aliyefanya kazi hiyo alikuwa amechukua pia mabaki ya kiwanda cha kemikali na kuyachanganya na oili. Ndani ya mabaki hayo mlikuwa na dioksini, mojawapo ya sumu kali zijulikanazo. Katika viwanja vya farasi vilivyonyunyiziwa oili hiyohiyo, farasi wengi walikufa. Udongo wa mji ulipopimwa mwaka 1982 sumu ilikuwa bado imo. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliamua kununua mji mzima, na wakazi wake zaidi ya 2,000 wakahama. Mji huo haupo tena. Hakuna aliyemwaga dioksini barabarani kwa kujua; ilimwagwa kwa sababu pipa halikupimwa.

Marekani ilianza kutunga kanuni za kuchoma oili chafu mwaka 1985, na ikazikusanya upya mwaka 1992. Kanuni hizo husema kwamba oili yaweza kuuzwa kama fueli ya kawaida ikiwa haivuki mipaka ifuatayo, kwa sehemu katika milioni:

Aseniki: 5
Kadmi: 2
Kromi: 10
Risasi: 100
Halojeni zote kwa jumla: 4,000

Tena joto la kudaka moto lisiwe chini ya nyuzi 38 za Sentigredi. Halojeni zikizidi sehemu 1,000 katika milioni, oili hudhaniwa kuwa imechanganywa na taka za sumu mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Maana yake ni kwamba klorini nyingi haiwezi kutoka katika injini. Hutoka katika viyeyusho vya kuoshea vyuma, au katika mafuta ya zamani ya transfoma.

Mafuta ya transfoma yastahili onyo la pekee. Transfoma za zamani huweza kuwa na kemikali za klorini ziitwazo PCB, ambazo haziozi upesi na hukusanyika katika mafuta ya mwili. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unataka kemikali hizo ziondolewe duniani. Mafuta ya transfoma hayafai kupakwa mwilini, kukaangia, wala kuchanganywa na oili ya gereji.

Je, shule au gereji isiyo na maabara kubwa yaweza kupima nini? Yaweza kupima mambo kadhaa. Oili ikiachwa katika chupa ya kioo kwa siku mbili, maji mengi yaliyomo hujitenga chini. Tone moja likidondoshwa juu ya kipande cha chuma kilichopashwa joto la zaidi ya nyuzi 100, maji yaliyofungwa ndani ya oili hugeuka mvuke na tone hulia kwa kupasukapasuka. Tone lisilo na maji hutulia. Mwalimu afanye jaribio hili mwenyewe, kwa tone moja tu na kwa kinga ya macho.

Kwa halojeni kuna jaribio la waya wa shaba. Waya husafishwa katika mwali mpaka mwali usibadilike rangi, kisha huchovywa katika kitu kinachopimwa na kurudishwa motoni. Klorini ikiwamo, huungana na shaba na kuupa mwali rangi ya kijani. Jaribio hili laonyesha kuwapo kwa klorini lakini halionyeshi kiasi, na moshi wake usivutwe. Lifanywe na mwalimu, kwa kiasi kidogo, mahali penye hewa ipitayo. Metali hazina njia rahisi kama hiyo. Huhitaji maabara yenye vyombo vya kupima mwanga unaofyonzwa au kutolewa na atomi zake.

KUCHOMA

Mwako mzuri huhitaji mambo matatu: joto la kutosha, muda wa kutosha, na hewa iliyochanganyika vizuri na fueli. Moto wa wazi wa oili hukosa yote matatu. Katikati yake hewa haifiki, pembeni hupoa upesi, na gesi huondoka kabla hazijaungua. Moshi mweusi ni ushahidi wa kaboni isiyoungua, na pamoja nayo huenda haidrokaboni zenye pete nyingi. Klorini ikiwamo, dioksini huweza kuundwa wakati moshi unapopoa, hasa kati ya nyuzi 200 na 450 hivi.

Kwa sababu hiyo kanuni za Ulaya hutaka gesi za tanuri la taka zikae kwa muda wa sekunde 2 katika joto lisilopungua nyuzi 850, na nyuzi 1,100 kama taka zina halojeni zaidi ya asilimia 1. Marekani huruhusu gereji kuchoma oili katika jiko la kupashia joto jengo, kwa masharti: oili iwe ya gereji yenyewe au iliyoletwa na watu waliobadilisha oili ya magari yao nyumbani, jiko lisizidi nguvu ya kilowati 147 hivi, na moshi utoke nje kwa dohani. Masharti hayo yalitungwa kwa nchi ya theluji. Masasi haihitaji jiko la kupashia joto chumba, lakini matanuri ya matofali, ya chokaa na ya kuyeyushia vyuma chakavu hutamani fueli ya bei nafuu, na hayana kinga yoyote kati ya hizo.

Tanuri linaloifaa zaidi oili chafu ni lile la saruji. Mwali wake hufikia nyuzi 2,000 hivi, gesi hukaa humo sekunde kadhaa, na chokaa iliyomo hufyonza asidi za klorini na salfa. Metali nyingi hufungwa ndani ya saruji yenyewe. Mkoa wa Mtwara una kiwanda kikubwa cha saruji kilichoanza kuzalisha mwaka 2015. Hata hivyo kuwapo kwa tanuri peke yake hakutoshi: mwenye tanuri sharti awe na kibali, apime kila shehena, na apime moshi wake.

Hesabu moja yaonyesha kwa nini. Chukua mapipa 5 ya oili, yaani lita 1,000, yenye uzito wa kilo 880, na yawe na risasi sehemu 100 katika milioni, ambao ndio mpaka wa juu uliotajwa. Risasi yote ni gramu 88. Shirika la Afya Duniani hupendekeza risasi katika maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Gramu 88 zingetosha kuzifikisha lita milioni 8.8 za maji kwenye mpaka huo. Bila shaka si risasi yote iingiayo kisimani. Lakini oili hii imefaulu kipimo. Isiyopimwa yaweza kuwa mbaya kuliko hii.

SHERIA NA UMBALI

Tanzania haikosi sheria. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Mwaka 1993 nchi ilijiunga na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao huhesabu mafuta ya madini yasiyofaa tena kwa kazi yake kuwa miongoni mwa taka za kudhibitiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004. Viwango vya ubora wa hewa, maji na udongo vilitolewa mwaka 2007. Na kanuni za taka hatarishi chini ya sheria hiyo zilitolewa kwanza mwaka 2009 na zimeandikwa upya tangu hapo. Msingi wa kanuni hizo ni kwamba anayekusanya, kusafirisha, kuhifadhi au kuteketeza taka hatarishi awe na kibali. Kila halmashauri hutakiwa kuwa na afisa wa usimamizi wa mazingira, na huyo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Kigumu ni umbali na udogo wa kila chanzo. Kiwandani oili hupatikana kwa maelfu ya lita mahali pamoja. Masasi na Newala hupatikana lita 1 hapa katika bodaboda, lita chache pale katika mashine ya kusaga, na madebe machache katika lori la korosho. (Mashine za kupulizia salfa mikorosho hazitoi oili chafu, kwa kuwa injini zake nyingi huunguza oili pamoja na petroli.) Hakuna lori litakalosafiri kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kiasi cha kilomita 600, kufuata dumu moja.

Lakini madumu yakikusanywa, hesabu hubadilika. Kwa mfano wa kukisia, bodaboda 300 zikimwaga lita 1 kila mwezi hutoa lita 3,600 kwa mwaka, yaani mapipa 18. Mzigo huo waweza kumvuta mwenye kibali. Kinachohitajika ni mahali pamoja pa kukusanyia katika kila mji, penye sakafu, paa, daftari na mtu wa kuwajibika. Chama cha waendesha bodaboda au umoja wa mafundi waweza kuanza kwa kushauriana na afisa wa mazingira. Gharama ya mwanzo ni mifuko michache ya saruji, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya kuchimba kisima kirefu kipya uwandani.

Wakati mpango huo haujawapo, bado kuna ya kufanywa leo. Oili isichomwe karibu na nyumba zinazovuna maji. Maji ya mvua ya kwanza ya msimu yaachwe yaoshe paa kabla ya bomba la mfereji kuelekezwa kisimani. Nguzo zilizopakwa oili zisitumike kujengea ghala la nafaka wala kuegemezwa karibu na kisima. Mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli.

KAZI YA DARASANI

1. Dondosha tone moja la oili mpya na tone moja la oili chafu juu ya vipande viwili vya karatasi ya kuchujia. Baada ya saa 24, pima duara za kila doa. Eleza kwa nini masizi yamebaki katikati na sehemu iliyo safi imesambaa mbali zaidi. Vaa glavu, na rudisha mabaki katika pipa.

2. Nyumba ina paa la mita za mraba 50. Mvua ya mwaka ni milimita 1,000. Kokotoa lita za maji zinazoangukia paa hilo. Kisha kokotoa ni miligramu ngapi za risasi zikitua juu ya paa zitayafikisha maji hayo yote kwenye mikrogramu 10 kwa lita.

3. Tembelea gereji au mashine ya kusaga iliyo karibu na shule kwa idhini ya mwenyewe. Andika ni lita ngapi za oili humwagwa kwa mwezi, na kila lita huenda wapi. Chora ramani ndogo ikionyesha gereji, makorongo, visima na nyumba zinazovuna maji ya mvua, ukitia mshale kuonyesha mteremko wa ardhi na upande uvumako upepo wa kiangazi. Mwonyeshe mwenye gereji ramani hiyo, na mjadiliane mahali panapofaa kujengwa sakafu ya pipa.